Wasalimieni Waliomo Pichani

Wajukuu zangu,

Wengi wenu sasa mko Ulaya, kwa masomo, kwa kazi, wengine kwa ndoa. Nasikia Jumapili ya kwanza ya mwezi, makumbusho mengi ya Paris yanapofungua milango bila kiingilio, mnakwenda. Kisha mnanitumia picha za simu: ukuta mweupe, fremu, na nyinyi mmesimama mbele ya fremu mkitabasamu. Nafurahi kuwaona mna afya. Lakini nikiuliza mliona nini, jibu huwa lile lile: "Pazuri, Babu." Basi leo nataka tuzungumze kwa urefu juu ya kwenda kutazama picha za watu, zile zilizopigwa na mpiga picha mwenye jina kubwa, zikatundikwa ukumbini ili wageni waje kuziona. Nitamshika mmoja tu, Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Kazi zake zimeonyeshwa Paris, New York, Amsterdam na kwingineko, na bado zinazunguka. Siku moja mtakutana nazo.

Neno langu ni hili: picha ya mtu ni ya huyo mtu kwanza. Mpiga picha anamfuata, na makumbusho yanakuja nyuma kabisa. Ukumbini mpangilio huu huwa umepinduliwa. Mlangoni kuna jina la makumbusho kwa herufi kubwa, kwenye bango kuna jina la mpiga picha, na mwenye sura hana hata herufi moja. Kazi yenu mnapotembea humo ndani ni kuurudisha mpangilio huo vichwani mwenu.

Kwa hiyo mkiingia msikimbilie maandishi ya ukutani. Mtu akiingia ukumbi wa picha za watu ameingia sebuleni mwa wenyewe. Wamekaa, wamevaa, wanamtazama. Huwezi kuingia kwa watu ukaanza kusoma karatasi zilizo mezani kwao kabla hujawapa salamu. Simama mbele ya mmoja, mwangalie usoni, tulia hapo mpaka uone kuwa naye anakuangalia. Wala msijitwike kumaliza ukumbi mzima. Afadhali ukae na watu wachache ukawajua kuliko kuwapita wote kwa haraka kama askari anayekagua gwaride.

Kati ya hao wachache, msimkose baba mmoja aliyepigwa picha kati ya mwaka 1949 na 1951. Ni mwanamume mkubwa wa mwili, amevaa kanzu pana ya rangi nyepesi, amemshika mtoto mchanga mbele ya kifua chake. Watu wengi hutazama uso wa baba, wakatazama na wa mtoto, wakaondoka. Nyinyi tazameni mikono. Ni mikono mipana ya mtu mzima, na imemzunguka mtoto bila kumbana, kwa namna ya mtu ambaye si mara yake ya kwanza kumshika. Halafu fikirini: huyu bwana alitoka kwake, akavaa, akamchukua mwanawe, akaenda studio kwa miguu yake na pesa yake, akasema nipige nikiwa na huyu. Angeweza kusimama peke yake na saa ya mkononi. Hakutaka. Mtoto yule, kama Mungu alimjalia umri, leo ni rika langu, na pengine ana wajukuu wanaomtumia picha kwa simu.

Hayo hayakuandikwa ukutani. Yamo pichani, na anayesimama huyaona.

Sasa tumjue aliyeshika kamera. Keïta alizaliwa Bamako yapata mwaka 1921, wakati nchi ile ikiitwa Sudani ya Wafaransa. Kwao walikuwa maseremala, naye akafunzwa useremala tangu mdogo. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa. Akawa anatengeneza samani huku akiwapiga picha jamaa na majirani. Kulikuwa na Mfaransa mmoja mjini, Pierre Garnier, mwenye duka la vifaa vya picha, na kulikuwa na Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule ambaye naye alikuwa mpiga picha. Kwa hao wawili ndiko alikochota ujuzi, na Dembélé ndiye aliyemfunza kazi ya chumba cha giza. Mwaka 1948 akafungua studio yake mwenyewe nyumbani, mtaa wa Bamako-Coura, si mbali na stesheni ya reli. Reli ile ndiyo inayotoka Dakar. Msafiri akishuka na mzigo wake, au akisubiri treni ya kuondoka, alikuwa na nafasi ya kuingia kwa Keïta akapigwa picha ya kupeleka kwao. Ndiyo maana mkiziangalia vizuri mtaona kuwa waliomo si watu wa mji mmoja tu. Kuna walioshuka kutoka mbali.

Nilipokuwa kijana niliwahi kufanya kazi studio, kwa hiyo hapa mnivumilie nikae kidogo.

Kamera aliyoitumia zaidi ilikuwa kubwa, ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, yenye negativu ya sentimita 13 kwa 18. Kamera ya aina hiyo haina tundu la kuchungulia. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi, anatazama kioo cha nyuma, na humo anamwona mteja wake kichwa chini miguu juu. Anarekebisha mpaka macho ya mteja yawe makali kabisa, kisha anafunga, anaweka filamu, anamwambia mtu atulie. Kutulia kwenyewe si kwa mchezo, maana ukitikisika uso unafifia. Baada ya kusafisha filamu, hakuna kukuza. Unalaza negativu juu ya karatasi ya picha, unawasha taa kwa muda, unaitia karatasi kwenye dawa, na picha inatoka kwa ukubwa ule ule wa negativu. Kwa hiyo hakuna kinachopotea njiani. Kila uzi wa nguo, kila unywele uliosukwa, kila alama ya usoni imebaki.

Na kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Hilo mlifikirie nyinyi mnaobonyeza mpaka simu inajaa, halafu mnafuta. Kwake yeye kazi yote ilifanyika kabla ya kubonyeza. Amkalishe mtu, amgeuze bega, ainue kidevu kidogo, apange vidole, atandaze gauni ili ua la kitambaa lionekane zima. Mkao wa mshazari, mwili umegeuka upande na uso unarudi kwenye kamera, ulikuwa fahari yake mwenyewe. Mwanga ulikuwa wa jua la uani zaidi kuliko wa taa. Mkisimama mbele ya picha tafuteni jua liko upande gani: angalieni shavu lipi limeng'aa, na kivuli cha pua kimelalia wapi. Mkishalipata jua mtaweza kusimama uani pale pamoja nao.

Angalieni pia pazia la nyuma. La kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye nyuzinyuzi za pindo. Likichakaa analeta lingine, kila baada ya miaka michache, la maua, la michoro iliyojipinda, la majani. Baadaye yeye mwenyewe aliyatumia mapazia hayo kukumbuka ni picha ya miaka gani. Mara nyingine mwanamke amekuja na gauni la maua, na nyuma yake pazia la maua, na chini kitanda kimetandikwa kitambaa cha miraba. Ungetegemea mtu apotee katikati ya michoro yote hiyo. Hapotei. Uso unasimama peke yake, mtulivu, kila kitu kingine kikicheza kuuzunguka. Siwezi kuwaeleza kikamilifu amefanyaje, ingawa nimezitazama kwa miaka. Nendeni mkajaribu kuligundua wenyewe, huo ni ufundi wa kutazamwa kwa saa nzima.

Studio ilikuwa na vitu vya kuazima. Suti za Kizungu, tai, kofia, saa, kalamu za kuchomeka mfukoni, redio, maua ya plastiki, baiskeli, pikipiki ya Vespa. Gari lake la Peugeot 203 nalo lilisimama nyuma ya watu wengi. Kuna kijana mmoja wa mwaka 1959 amevaa koti jeupe na miwani yenye fremu nzito, kalamu imechomekwa mfukoni, ameshika ua moja mkononi. Huyo ni maarufu, mtamwona hata kwenye majalada ya vitabu. Na kuna mwanamke ameegemeza kiwiko juu ya redio kubwa kama mtu aliye nyumbani kwake.

Nimesikia vijana wakisema kwamba basi watu wale walikuwa wanajifanya, redio si yao, suti si yao. Wajukuu zangu, msiwaseme hivyo. Fikirini wakati. Mwaka 1948 hakuna nchi huru kati ya hizo zetu za huku wala hizo za kule. Mwafrika alipopigwa picha na serikali ilikuwa kwa ajili ya karatasi ya kumtambulisha, atazame mbele, asicheke, ahesabiwe. Alipopigwa na mgeni msafiri, mara nyingi alikuwa kielelezo: chini yake huandikwa kabila lake, au kazi yake, basi. Jambo hili lilitugusa sisi wa pwani vile vile. Unguja, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za mjini kama ya Gomes na ya ndugu wa Coutinho ziliuza kadi za posta zenye sura za watu wetu, zikasafiri mpaka Ulaya kwa meli. Chini ya sura ya mama wa watu imeandikwa kwamba huyu ni mwanamke Mswahili. Mama huyo aliitwa na wanawe kwa jina, na wenzake wa ngoma wakamwita kwa jina, lakini kadi ilitosheka na hilo moja.

Sasa mwondoe mtu huyo kwenye kadi, umpeleke mlangoni kwa Keïta. Hapa anakuja mwenyewe. Anachagua nguo, anachagua asimame au akae, anachagua kuja na rafiki au na mke wa pili, anasema nataka redio ionekane. Analipa. Picha ni yake, anaondoka nayo, anaipeleka kwa mchumba, kwa mama yake kijijini, au anaiweka ukutani kwake. Akiazima suti, anajionyesha vile anavyokusudia kuwa, na kukusudia ni haki ya mtu. Wengi wao miaka kumi na mbili baadaye, 1960, waliiona Mali ikiwa huru. Mimi nikiwatazama nyuso zao naona watu waliokwishajiweka tayari.

Na msidhani lazima mwende Bamako au Paris kuyaona haya. Mlioko nyumbani, mkifika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulizeni Capital Art Studio. Ranchhod Oza aliianzisha mwaka 1930, na mwanawe akaiendeleza. Kuta zimejaa picha za zamani, masultani kwa upande mmoja na watu wa mitaani kwa upande mwingine, bibi harusi, watoto wa madrasa, mabaharia. Ni duka, si makumbusho, kwa hiyo mtu anaingia akiwa na vumbi la njiani na hakuna anayemwambia asisogee. Nendeni hapo kabla ya popote. Ukishazoea kuwasalimia watu wa kwenu, utajua kuwasalimia wa Bamako.

Narudi kwa Keïta, maana safari ya picha zake kutoka mikononi mwa wenyewe hadi ukutani ni jambo ambalo kila anayezitazama anapaswa kulijua.

Mwaka 1962 serikali ya Mali ilimchukua awe mpiga picha wake. Studio ikafungwa. Aliitumikia serikali mpaka 1977, akastaafu. Negativu zake, maelfu kwa maelfu, zilikaa masandukuni. Mwaka 1991 kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika mjini New York, yaliyoandaliwa na Susan Vogel, na ndani yake mlikuwa na picha kadhaa kutoka Bamako zilizoandikwa kwamba mpiga picha wake hajulikani. Hajulikani! Na mwenyewe yuko Bamako, mzima, anajulikana na mji mzima. Mfaransa mmoja, André Magnin, aliyekuwa akimkusanyia kazi za sanaa tajiri Jean Pigozzi, alifunga safari kwenda kumtafuta. Akafikishwa kwanza kwa mpiga picha mwingine, Malick Sidibé, na kupitia kwake akafika kwa mwenyewe. Ona, ilitosha kwenda kuuliza. Mwaka 1994 Fondation Cartier ya Paris ikafungua maonyesho ya kazi za Keïta peke yake, na tangu hapo jina lake likaenea dunia nzima. Alifariki Paris mwaka 2001. Yakafuata mabishano marefu ya wafanyabiashara wa sanaa juu ya negativu na haki zake, ambayo sitaki kuwachosha nayo. Itoshe kusema kwamba pesa nyingi zilipita juu ya sura za watu wale, na sijasikia aliyekwenda kugonga milango ya nyumba zao.

Kwa hiyo mpiga picha alipokonywa jina, kisha akarudishiwa. Nafurahi kwa ajili yake kutoka moyoni. Waliomo pichani bado. Mkiinama kusoma vibao, na sasa nimewaruhusu msome, mtakuta vinarudia: Bila jina, 1952 hadi 1955. Bila jina, 1956. Bila jina. Ndivyo makumbusho na wauzaji wanavyoandika picha isiyopewa jina la kazi, ni desturi yao ya kawaida, wala hawana nia mbaya. Lakini mzee aliyelelewa na watu waliojua majina ya babu zao mpaka kizazi cha saba hawezi kupita hapo moyo ukiwa mtulivu. Mwanamke yule mwenye redio aliitwa kwa sauti uani, "njoo, zamu yako." Aliitwa kwa jina.

Kuna jambo la ukubwa pia. Mwaka 2016 Grand Palais ya Paris iliandaa maonyesho makubwa ya Keïta, nami nilikuwa huko kumtembelea mama yenu, akanipeleka. Kulikuwa na picha za aina mbili. Nyingine ni kubwa, baadhi zina urefu wa zaidi ya mita, zilizotolewa Ufaransa miaka ya 1990 kutoka negativu zile zile, nyeusi yake nzito na nyeupe yake kali, na Keïta akazitia sahihi. Nyingine ni zile za wakati wake mwenyewe, za kuenea kiganjani. Za zamani zimefifia kuelekea rangi ya chai ya maziwa, pembe zimechanika, na baadhi zimetiwa rangi kwa mkono, midomo myekundu, kucha nyekundu, dhahabu ya shingoni imeguswa kwa brashi. Hizo zilishikwa na watu. Zilitembea mfukoni, zikapitishwa mkono kwa mkono siku za harusi.

Wako wataalamu wanaosema kuzikuza kumezibadilisha mno. Wengine wanajibu kwamba Keïta mwenyewe alifurahi mno alipoziona kwa mara ya kwanza zikiwa kubwa na safi, akajua kazi yake ilikuwa nzuri kweli kweli. Mimi nasema zote ni zake, ila mwende kwanza kwenye ndogo. Kubwa inakupiga ukiwa mbali, haikuombi kitu. Ndogo inakutaka uiname, uisogelee, upunguze sauti. Mkianza na kubwa hamtakuwa na subira iliyobaki kwa ndogo, na ndogo ndiyo aliyoiona mwenye sura. Ile kubwa hakuiona kamwe.

Ukumbi wenye picha za zamani mtaukuta una mwanga hafifu, na watu hulalamika. Msilalamike. Karatasi ya picha na hasa ile rangi ya mkono huliwa na mwanga kidogo kidogo, haiwezi kurudishwa, ndiyo maana taa zimepunguzwa. Yapeni macho dakika chache, yatazoea. Flashi ya simu msiiwashe hata kama msimamizi hayupo. Na mkitaka kujipiga mbele ya picha, nawaomba msimpe mgongo mtu aliye ukutani. Simameni ubavuni kwake. Najua mtasema Babu, hao ni karatasi. Jaribuni tu, mtaona wenyewe namna picha yenu inavyobadilika mkisimama kando ya mtu badala ya mbele yake.

Jambo jingine la kujihadhari nalo ni maneno ya watu ukumbini. Kuna picha ya mwanamke amejilaza ubavu juu ya kitanda, kiwiko kimebeba kichwa, gauni limetandazwa. Hapo ndipo mgeni aliye kando yako atanong'ona jina la Matisse, kwa kuwa mchoraji huyo Mfaransa alichora wanawake waliojilaza katikati ya vitambaa vya maua. Anaweza kuwa na nia njema, anatafuta mlango wa kuingilia. Mwitikieni kwa adabu. Lakini kwenu nyinyi huo usiwe mlango wa kwanza. Anzeni na mwenyewe: gauni limeshonwa kwa mtindo gani, kilemba kimefungwaje, nywele zimesukwaje, alama za usoni zinasema anatoka kwa nani. Ulizeni nani alikuwa amesimama nyuma ya kamera pamoja na Keïta, maana sidhani mwanamke alikwenda kujilaza vile mbele ya mwanamume asiye wake bila dada, shoga au mume kuwapo karibu, naye huenda ndiye aliyemfanya atazame kwa utulivu ule. Ukimaliza maswali hayo, Matisse atakuwapo bado, haendi popote.

Wako wapiga picha waliolitunza jina. Malick Sidibé, aliyepiga vijana wa Bamako wakicheza dansi miaka ya 1960, alibandika picha ndogo ndogo kwenye majalada ya karatasi ngumu, zikiwa na namba, na juu ameandika tarehe na sherehe ilikuwa ya nani, ili vijana wapitie dukani kesho yake wachague zao. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, katika mfululizo wa picha ulioanza 2006, kila sura inakwenda na jina la mwenyewe na mahali. Simameni siku moja mbele ya ukuta wa Keïta, na siku nyingine mbele ya ukuta wa Muholi. Mtahisi tofauti kabla hamjaitafutia maneno.

Na mnaporudi likizo, ile albamu ya bibi yenu iliyo kabatini, yenye kurasa nyeusi na pembe za kubandika, itoeni. Humo mna watu waliopigwa studio za Tanga na Mombasa wakiwa na miaka kama yenu, na nusu yao ni mimi na yeye tu tunaowajua. Kaeni naye mchana, si usiku, macho yake hayawezi taa. Muulizeni huyu nani, hapa wapi, gauni hili alishona nani, kwa nini ameshika mwavuli. Andikeni nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza. Msitumie kalamu ya wino, inapenya upande wa pili na baada ya miaka huacha doa usoni.

Mlioko Paris nina ombi moja zaidi. Makumbusho yana duka mlangoni, na humo huuzwa kadi za posta za picha zilizo ndani. Nunueni moja ya mwanamke wa Keïta, yoyote mliyokaa naye zaidi. Kisha chukueni metro mpaka Montreuil, ambako watu wa Mali ni wengi tangu siku nyingi, wana misikiti yao na masoko yao. Mna wenzenu wa darasani kutoka huko, najua, mmoja alikula kwenu Idi iliyopita. Mwombeni awapeleke kwa mama yake au bibi yake. Msiende mikono mitupu. Mkishakunywa chai, mwekeeni kadi ile mezani mkaulize kilemba kile kinaitwaje, na mtu anayekifunga hivyo ni wa upande gani wa Mali. Huenda akajibu kwa neno moja. Huenda akaita watu wa chumba cha pili, wakabishana mpaka magharibi. Kila watakachosema niandikieni.

Babu yenu